Mangungo Hakuuza Nchi: Safari ya Msowero na Rudewa

Kila mara taifa letu linapoingia katika mabishano juu ya mkataba, jina la Mangungo hufufuliwa. Lilitajwa mwaka 2007 wakati wa mjadala wa mgodi wa Buzwagi, likatajwa tena mwaka 2023 wakati wa mjadala wa bandari. Anayetaka kumdhalilisha kiongozi humwita Mangungo. Anayetaka kuukosoa mkataba husema ni wa Kimangungo. Neno limekwisha kuwa msamiati wa siasa, na kama ilivyo kwa maneno mengi ya namna hiyo, walitumiao hawajajiuliza limetoka wapi. Msowero ya Mangungo haiko katika vitabu tu. Iko katika Wilaya ya Kilosa, kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa, na ukiipita unafika Rudewa. Mwaka jana, wakati wa likizo, niliongozana na wanafunzi sita kuitazama njia hiyo kwa macho, kwa sababu naamini historia ya ardhi haifundishiki vizuri darasani ambako ardhi yenyewe haionekani.

Tuliondoka Msamvu asubuhi kwa basi la kawaida. Barabara ya Dodoma kutoka Morogoro ni darasa kwa atakaye kusoma. Upande mmja wa mji wa Morogoro ipo Mazimbu, shamba la zamani la mkonge ambalo Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC katika miaka ya 1970, wakajenga shule ya Solomon Mahlangu. Mbele yake ipo Dakawa, ambako chama hicho kilipewa ardhi nyingine, na ambako Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Niliwaomba wanafunzi wayakumbuke mambo hayo mawili hadi mwisho wa safari: kwamba mkoa huu uliwahi kutoa ardhi kwa wageni bila kunyang'anywa, na kwamba kiongozi tunayemlilia hadi leo alikuwa mtoto wa wafugaji.

Dumila tuliiacha barabara kuu tukashika ya Kilosa. Upande wa magharibi milima ya Ukaguru husimama kama ukuta. Upande wa mashariki nchi hutandaa tambarare hadi macho yachoke. Mpaka huo wa mlima na bonde ndio ufunguo wa historia yote ya hapa. Maji hushuka kutoka mlimani na udongo hujikusanya chini, hivyo mkulima huitaka nchi hii kwa rutuba yake. Mfugaji huitaka kwa malisho ya bondeni na kwa mito wakati wa kiangazi. Mfanyabiashara wa misafara aliitaka kwa kuwa bonde la mto Mkondoa lilimpa njia ya kupanda bara. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857 wakielekea Ujiji. Stanley naye alivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871, akahangaishwa na matope na maji. Wote hao walifuata njia ambayo wapagazi na wafanyabiashara wa Kiafrika na wa pwani walikuwa wakiitumia zamani.

Nimeitaja misafara kwa makusudi, kwa kuwa inatusaidia kuusoma mkataba wenyewe. Carl Peters, kijana wa Kijerumani asiyetimiza hata miaka thelathini, alifika Unguja mapema Novemba 1884 pamoja na wenzake Jühlke, Pfeil na Otto. Hawakuwa wametumwa na Serikali ya Ujerumani. Walikiwakilisha chama chao cha ukoloni. Walivuka hadi Saadani, wakapenya Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, na kabla ya Krismasi Peters alikuwa amerudi pwani na makaratasi takriban kumi na mawili. Hebu tufikiri, ndugu msomaji: nchi kubwa kuliko falme kadhaa za Ulaya ilikusanywa mfukoni kwa muda usiozidi wiki sita, kwa miguu, na watu waliokuwa wakiugua homa njiani. Otto alifia huko huko Usagara.

Karatasi ya Msowero ina tarehe ya 29 Novemba 1884. Inasema kuwa Mangungo na Peters wanafunga urafiki wa milele, kisha inasema kuwa Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa matumizi ya pekee ya Wajerumani. Inaongeza kwamba maelezo yalitolewa kwa watu kupitia mkalimani aitwaye Ramazan, na kwamba taratibu za Usagara zilifuatwa. Mwishoni inadai kuwa Mangungo, alipoulizwa, alitamka kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata kuwapo kwake hakukujua.

Dai hilo la mwisho niliwapa wanafunzi walichambue tukiwa tumesimama Msowero penyewe, chini ya mti, magari yakipita. Mmoja wao alikuwa wa kwanza kuona kasoro. Inawezekanaje mtawala wa kijiji kilichomo katika ukanda wa misafara, ambako vitambaa, shanga na bunduki vilipita kutoka pwani mwaka hadi mwaka, asijue kuwa kuna Sultani Unguja? Sentensi ile haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa isomwe Berlin na London, kwa sababu Peters alihitaji kuthibitisha kwamba nchi haikuwa mali ya Seyyid Barghash. Kama sentensi moja katika hati ni ya mwandishi na si ya msemaji, tuna sababu gani ya kuziamini zile nyingine?

Lipo jambo zito zaidi. Wasagara, kama walivyo jirani zao Wakaguru, hufuata ukoo wa mama. Ardhi katika jamii hizo ilifungamana na koo. Mkuu aliisimamia, aliwakaribisha wageni, aliwaonyesha mahali pa kulima, na alipokea heshima kwa kazi hiyo. Kumkaribisha mgeni hakukuwa sawa na kumhamishia miliki. Mkuu hakuwa na uwezo wa kuuza kile ambacho wajomba wake waliokufa na watoto wa dada zake ambao hawajazaliwa walikuwa na haki nacho. Kwa hiyo tunaye mtu aliyeambiwa ametoa kitu ambacho, kwa sheria ya kwao, si yeye wala mtu mwingine yeyote aliyeweza kukitoa. Katika lugha asiyoisoma, kupitia mkalimani aliyeajiriwa na upande wa pili. Kumwita mtu huyo muuzaji wa nchi ni kukubali kuwa hati ya Peters ilikuwa halali na kwamba tatizo lilikuwa ujinga wa Mwafrika. Hiyo ndiyo hoja ya mkoloni, nasi tumeirithi tukadhani ni uzalendo.

Nguvu ya karatasi zile haikutoka Msowero. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya ulinzi kwa chama cha Peters. Barghash alipopinga, Agosti mwaka ule ule manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, naye akanyamaza. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana eneo la nyuma ya pwani. Watu walipochukua silaha chini ya Abushiri mwaka 1888, ilibidi Berlin ipeleke jeshi, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kama mkataba ungekuwa umeuza nchi kweli, risasi zile zingekuwa za nini? Peters mwenyewe alifukuzwa katika utumishi wa kikoloni mwaka 1897 kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro, lakini hakuna aliyependekeza kuzirudisha nchi alizozikusanya.

Kutoka Msowero tuliendelea hadi Rudewa, na hapo ndipo tuliona karatasi ilivyogeuka kuwa shamba. Amri ya mwaka 1895 iliifanya ardhi yote isiyo na mwenyewe anayetambuliwa na dola kuwa mali ya Kaizari. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyonusurika safari ya baharini kutoka Florida, ulikuwa umeshaota mizizi Tanga na ukaifuata reli hii hadi Kilosa, Kimamba na Rudewa. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliyakuta mashamba, wakayagawa upya kwa wenye mitaji, nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi mikononi mwa Gavana. Mwenye shamba alipewa hati. Mwanakijiji alipewa maneno kwamba mila zake zitaheshimiwa.

Mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo Usagara. Ndipo walipokuja manamba, walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Wengi kutoka kusini na magharibi mwa nchi, wengine kutoka nje ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwakusanya na kuwasafirisha. Pale Rudewa tulimsalimu bibi mmoja aliyekuwa akianika mahindi uani. Baada ya shikamoo na marahaba alituuliza tumefuata nini, maana wageni wengi, alisema, huuliza njia ya Mikumi tu. Nilipomweleza, alicheka, akasema baba yake alikuja kwa mkataba wa mkonge, mkataba ukaisha, yeye akabaki. "Huyo baba ndiye historia yangu, mwanangu," aliniambia. "Mkataba wake haukuwa na shamba ndani yake. Shamba alilipata baadaye kwa jembe."

Maneno ya bibi yule yana elimu kubwa kuliko muhtasari wangu wa darasani. Vijiji vya Rudewa, iwe Batini, Gongoni au Mbuyuni, havikuumbwa na kabila moja lililokaa mahali pamoja tangu enzi za Adamu. Vina wazawa wa Usagara na Ukaguru, vina wajukuu wa manamba, vina wafugaji wa Kiparakuyo na Wamasai ambao nao wamezika wazee wao wilayani humu. Swali la nani mwenyeji na nani mgeni, ukilisukuma nyuma kidogo, humkosa wa kumjibu.

Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania iliongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikateka soko, bei ikaanguka, na Serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa taifa zima ulikuwa kiasi cha tani 20,000. Mashamba yakabinafsishwa, mengine yakafufuka, mengine yakawa misitu ya mkonge pori. Hapa ndipo pa kutafakari. Mmea uliondoka, ajira ikaondoka, lakini hati ilibaki. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na ranchi ya Mkata. Kusini kulikuwa na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964. Mazao yakaenda mabondeni, vijiji vikakua, na wafugaji wengine wakasukumwa kuja, wakiwamo Wabarabaig ambao makumi ya maelfu ya hekta za malisho yao huko Hanang zilichukuliwa kwa kilimo cha ngano. Ramani ya Kilosa ina nafasi kubwa, lakini ondoa hifadhi, ondoa ranchi, ondoa mashamba yenye hati, kisha uulize mkulima mdogo na mfugaji wamebakiziwa nini. Wamebakiziwa kingo za mito, na kingo hizo hizo wanazitaka wote wawili, kwa miezi ile ile.

Tarehe 8 Desemba 2000, kundi la wapiganaji wa kimasai lilivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Watu 38 waliuawa, wengi wakajeruhiwa. Siandiki haya kwa wepesi, wala sikuwapeleka wanafunzi Mbuyuni kuwahoji waliofiwa. Msiba wa mtu si kivutio cha matembezi. Lakini hakuna haki ya kuipita Rudewa ukiwa mwanahistoria na ukanyamaza. Mauaji yale hayakutokea ghafla. Yalitanguliwa na mazao yaliyoliwa na ng'ombe, mifugo iliyokamatwa na sungusungu, faini zilizotozwa, na malalamiko ya pande zote mbili kwamba haki hupatikana kwa mwenye fedha. Watafiti walioichunguza kadhia hii wamesisitiza jambo hilo: rushwa na mamlaka zisizoaminika ziliwaacha watu bila mahali pa kupeleka shauri lao, na sera za taifa kwa muda mrefu zilimwona mfugaji kama tatizo la kuondolewa.

Hakuna kinachohalalisha kuua wanakijiji. Aliyeua ameua. Hata hivyo, kusema kuwa ulikuwa uhasama wa asili baina ya makabila ni uvivu wa fikra. Uhasama wa asili hauelezi kwa nini jamii hizo ziliuziana maziwa na mahindi kwa miongo kadhaa, na bado zinauziana. Tuliona mchana ule ule sokoni akina mama wa Kimasai na vibuyu vyao wakibishana bei na wauza unga kwa Kiswahili na kwa vicheko. Kinachoeleza umwagaji damu ni historia ya ardhi iliyofungwa kwa karatasi, ikawaacha wanyonge wawili wakabane kooni juu ya kilichosalia, na dola ikisimama mbali na kitabu cha faini.

Sasa turudi kwenye neno letu la siasa. Mwenye kusaini mkataba leo anasoma lugha ulimoandikwa. Ana wanasheria, ana Bunge, ana Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ana simu ya kumuuliza mtaalamu aliye upande wa pili wa dunia. Akisaini vibaya, hafanani na Mangungo hata kidogo. Amefanya jambo ambalo Mangungo hakupewa nafasi ya kulikataa. Mfano ulio karibu zaidi na Mangungo wa 1884 ni mwanakijiji wa leo anayeitwa mkutanoni, akaonyeshwa ramani asiyoweza kuisoma, akaambiwa mwekezaji amekuja na urafiki wa kudumu, akaombwa kuandika jina lake katika karatasi ya mahudhurio ambayo kesho itakuwa karatasi ya ridhaa.

Kwa huyo, sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, miezi isiyofika mitano baada ya mazishi ya Rudewa Mbuyuni. Inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Inatambua haki za kimila kuwa sawa na haki zilizotolewa kwa hati. Mwaka 2021 Bunge liliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua ambayo, ikitekelezwa hadi chini, itamwondolea mwanakijiji ulazima wa kumtegemea Ramazan wa zama hizi. Na katika miaka ya karibuni Serikali imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa wilayani Kilosa. Ni jambo jema, lakini kufuta hati ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua, hadharani na kwa haki, ardhi hiyo inakwenda kwa nani, na njia za mifugo na mahali pa kunyweshea zimetengwa wapi. Shamba lililofutwa mezani kisha likagawanywa kwa wenye majina litazaa Mangungo mwingine wa kulaumiwa, na huenda likazaa Desemba nyingine.

Kwa wanafunzi, ushauri wangu ni mwepesi kutamka na mgumu kutenda: nendeni. Nauli ya Msamvu hadi Rudewa si kubwa, na barabara hii inabeba miaka 140 ya historia ya taifa katika mwendo wa asubuhi moja. Salimuni, kaeni, sikilizeni kabla ya kufungua daftari. Kwa wanaharakati, acheni kulitumia jina la Mangungo kama tusi. Litumieni kama ushahidi wa jinsi ridhaa inavyotengenezwa kwa karatasi. Na kwa watumishi wa umma, hasa maofisa ardhi na watendaji wa vijiji, mnapokwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, someni waraka wote kwa sauti, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, tena mbele ya wafugaji na wakulima pamoja. Ubandikeni ukutani. Wapeni watu wiki kadhaa za kulala nao. Kisha ulizeni, na mkijibiwa hapana, andikeni hapana.